Sheikh Nur al-Din al-Salimi, mwanachuoni kipofu, na waliomsomea vitabu

Katika kurasa hizi za maisha ya watu mashuhuri tumezowea kuwaandika wanasiasa, wapigania uhuru na wanariadha. Safari hii naomba tumtazame mtu wa vitabu. Aliishi miaka 45 hivi tu, alipoteza macho yote mawili akiwa mtoto wa kiasi cha miaka 12, na bado hakuna mtu anayesomea historia ya Oman au sheria za Kiibadhi akaweza kumkwepa. Jina lake ni Abdullah bin Humeid al-Salimi, anayejulikana zaidi kwa lakabu ya Nur al-Din, yaani nuru ya dini. Mimi ni mtu wa uhandisi, si wa elimu ya dini, kwa hiyo fatwa zake nawaachia wenyewe wanaozijua. Ninachotaka kukieleza hapa ni jinsi alivyofanya kazi: nani alimsomea, nani alimwandikia, na chakula cha watu hao kilitoka wapi. Maswali haya yanatuhusu sana sisi tuliotoka nyumbani kuja kusoma, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mahali. Ukitoka Muscat kwa barabara kuu ya Nizwa, baada ya kiasi cha kilomita 90 unafika Samail. Milima ya Hajar imesimama pale kama ukuta kati ya pwani na bara, na bonde la Samail ndilo pengo lenyewe. Mvua ikinyesha juu, maji ya bonde hilo huteremka mpaka al-Khoud, kilipo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichofunguliwa 1986. Samail yenyewe ina sehemu mbili, ya juu na ya chini, mitende kila upande, tende za fardh zenye sifa yake, na falaji zinazopeleka maji mashambani kwa zamu. Ndio mji wa Mazin bin Ghadhuba, anayehesabiwa kuwa Muomani wa kwanza kusilimu. Na jamani, ukipita huko usishangae kuamkiwa kwa Kiswahili. Familia nyingi za huku zina nusu ya jamaa zao Unguja, Pemba, Mombasa au Tabora.

Sheikh Salimi hakuzaliwa Samail. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika kijiji cha al-Hawqain, upande wa Rustaq. Lakini habari zake zinapita Samail kila mara. Mwanafunzi wake aliyekuja kuwa Imamu kwa miaka mingi alikuwa mtu wa Samail. Mshairi mkubwa aliyeitetea kazi yake akiwa Unguja alizaliwa katika kijiji cha Mahram, bonde la Bani Rawaha, sehemu hizohizo za Samail. Na mwaka 1913, vita aliyoichochea ilipopamba moto, ngome ya Samail ndiyo iliyokuwa inagombaniwa. Tutafika huko.

Baba yake, Humeid bin Sallum, ndiye aliyemsomesha Kurani mwanzo. Halafu macho yakaondoka. Fikiria hali ya mtoto wa namna hiyo katika bara ya Oman ya miaka ya 1880. Shule ya wasioona haikuwapo. Maandishi ya nukta nundu aliyoyabuni Louis Braille huko Ufaransa katika miaka ya 1820 yalikuwa hayajafika. Kwa watu wengi wa zama zile mtoto kama huyo alikuwa na njia moja: kuhifadhi Kurani na kuishi kwa kusoma hitima. Yeye aliihifadhi Kurani, kisha akatoka kijijini kwenda Rustaq kuongeza. Rustaq ilikuwa na masheikh wazito, miongoni mwao Rashid bin Saif al-Lamki. Alisoma pia kwa Sheikh Majid bin Khamis al-Abri, mzee ambaye jina lake litarudi mwishoni kwa habari ya huzuni. Alikuwapo pia jamaa yake, Muhammad bin Shaikhan al-Salimi, ambaye baadaye akawa mshairi mashuhuri.

Kwa mtindo wa masomo wa zama zile kulikuwa na jambo moja lililomsaidia. Elimu ilipitia sikioni. Mwalimu anakaa, mwanafunzi mmoja anasoma kitabu kwa sauti, mwalimu anasimamisha na kueleza, wengine wanasikiliza. Katika darasa kama hilo asiyeona hayuko nyuma sana ya anayeona. Akiwa na hifadhi nzuri anaweza hata kuwatangulia. Sisi leo tunajivunia teknolojia, lakini darasa la chuo linalotegemea michoro ukutani na mwalimu asiyesema anachokichora linamfungia nje mtu asiyeona kuliko msikiti wa Rustaq wa 1885. Nasema hivi kwa watu wa fani yangu hasa.

Karibu na 1890 alihamia Sharqiyah, na hapa ndipo maisha yake yalipobadilika. Alifuata sifa za Sheikh Saleh bin Ali al-Harthi, mkubwa wa kabila la al-Hirth, aliyekuwa na makazi yake al-Qabil, si mbali na Ibra. Saleh alikuwa mtu wa siasa na vita, alishiriki katika uimamu wa Azzan bin Qais wa 1868 mpaka 1871, lakini pia alikuwa mtu wa elimu. Alimpokea kijana huyu kipofu, akamweka karibu. Saleh alipofariki 1896, mwanawe Isa bin Saleh, ambaye naye alisoma kwa Salimi, aliendelea na ukubwa wa kabila. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 al-Qabil ilikuwa kituo chake. Wanafunzi wakaanza kumiminika kutoka kila upande wa bara.

Sasa hebu tuitazame kazi yenyewe, maana hapa ndipo utamu ulipo. Mtunzi asiyeona anahitaji mambo matatu. Anahitaji msomaji, wa kumfungulia vitabu vya waliotangulia na kumsomea. Anahitaji mwandishi, wa kuandika anachotamka. Na baada ya kuandikwa, anahitaji mtu wa kumsomea tena kilichoandikwa, neno kwa neno, ili arekebishe. Yaani kila ukurasa unapita mikononi mwa watu mara mbili au tatu. Mtu anayeona hufanya haya yote peke yake na taa yake usiku. Kwa Salimi kila saa ya kazi yake ilikula saa ya mtu mwingine pia.

Na kazi haikuwa ndogo. Aliandika Tuhfat al-Ayan, historia ya maimamu na watawala wa Oman tangu zamani mpaka karibu na siku zake. Kitabu cha historia ni mtihani mgumu kwa asiyeona, kwa sababu huwezi kukitunga kwa kichwa tu. Unalinganisha nyaraka, barua, nasaba, tarehe zinazogongana. Lazima vitabu vitano viwe wazi mbele yako kwa pamoja, na kwa upande wake hiyo ina maana ya kuwa na vijana wanaojua kitabu gani kiko wapi na ukurasa upi unatafutwa. Aliandika Tal'at al-Shams katika misingi ya sheria, Mashariq Anwar al-Uqul katika itikadi, na sherehe ya mkusanyiko wa hadithi wa al-Rabi bin Habib. Akatunga pia Jawhar al-Nidham, sheria za dini kwa mashairi, beti zake ni kiasi cha 14,000. Vitabu vyake vingine vilipigwa chapa Cairo akiwa hai.

Kuhusu mashairi hayo naomba niseme neno kama mhandisi. Watu hudhani kwamba wanachuoni walitia sheria katika beti kwa kupenda urembo tu. Mimi naona ni kifaa. Sisi tunapotuma taarifa kwa waya tunaongeza tarakimu za ziada zisizo na maana nyingine ila kugundua kosa: tarakimu zikikataa kukubaliana, unajua kitu kimepotea njiani. Vina na mizani hufanya kazi hiyohiyo. Jawhar al-Nidham ni ya bahari ya rajaz, ambamo kila ubeti una vipande viwili vyenye kina kimoja. Mwandishi akiruka neno, mizani inachechemea na sikio linasikia papo hapo. Akibadilisha neno la mwisho, kina kinakataa. Kwa mtu ambaye hawezi kuchungulia karatasi kuona kama karani wake amesinzia, hiyo ni kinga kubwa. Tena ubeti ukishahifadhiwa na wanafunzi 20, una nakala 20 zinazotembea. Ndio maana mara nyingine alianza kwa kutunga beti, kisha akatamkia wanafunzi sherehe yake kwa maneno ya kawaida. Tal'at al-Shams ilikuja hivyo, ni sherehe ya utenzi wake mwenyewe. Watu wa pwani yetu waliokuzwa na tenzi hawatapata tabu kulielewa hili.

Hakuwa wa kwanza, wala si yeye peke yake duniani. Cambridge kule Uingereza walikuwa na Nicholas Saunderson, kipofu tangu utotoni, aliyepewa kiti cha hesabu mwaka 1711. Alijitengenezea ubao wenye matundu na pini ili afanye hesabu kwa vidole. Na Misri, mwaka huohuo wa 1914 aliofariki Salimi, kijana kipofu aitwaye Taha Hussein alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu kipya cha Cairo, baadaye akaipata nyingine Paris, huku akisomewa vitabu na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe. Katika habari za wote hawa utakuta kifaa kidogo na binadamu wengi.

Haya, binadamu hao walikula nini?

Wanafunzi wa al-Qabil hawakulipwa mshahara. Walipewa elimu, malazi na chakula, na wao walitoa macho yao na mikono yao. Nyuma ya mpango huo kulikuwa na mali. Sehemu ilikuwa ya wakfu. Katika vijiji vya bara ya Oman hata maji ya falaji huwekwa wakfu: mtu anaacha fungu la zamu yake ya maji, fungu hilo linakodishwa kwa wenye mashamba, na pesa zinakwenda kwa msikiti, kwa mwalimu au kwa wanafunzi. Mitende nayo ni hivyohivyo. Mpango huu ni wa busara sana, kwa sababu haungoji huruma ya mtu kila mwaka. Maji yakitiririka, mwalimu anakula.

Sehemu nyingine ilitoka kwetu. Hapa lazima tuseme ukweli. Wakubwa wa Sharqiyah katika karne ya 19 walikuwa na mguu mmoja al-Qabil, al-Mudhairib na Ibra, na mguu mwingine Unguja na Mrima. Hao al-Hirth ndio kabila la Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani na kunyongwa Pangani mwaka 1889. Majumba makubwa ya udongo na mawe ambayo mpaka leo watalii wanakwenda kuyapiga picha huko Ibra na al-Mudhairib yana pesa za biashara ya Afrika Mashariki ndani yake. Na pesa hizo zilikuwa za karafuu, pembe na watu. Mashamba ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria Zanzibar mpaka 1897. Sitaki kumtia Sheikh hatiani kwa kila pesa iliyopita al-Qabil. Lakini tukiuliza nani aliugharimia ufadhili wa mwanachuoni huyu mwenye ulemavu, tusimtaje mwenye nyumba peke yake. Yuko na mchumaji karafuu ambaye hakuulizwa kama anataka kuchangia.

Uhusiano na Unguja haukuwa wa pesa tu. Sultani Barghash alianzisha matbaa huko karibu na 1880, na vitabu vikubwa vya Kiibadhi vilipigwa chapa Unguja kabla ya bara ya Oman kujua mashine ya chapa ni kitu gani. Mtu wa Mahram niliyemtaja, Nasser bin Salim al-Bahlani al-Rawahi, maarufu kwa jina la Abu Muslim, alikuwa kadhi Unguja, na mwaka 1911 alianzisha gazeti la al-Najah. Kutoka huko aliwapelekea Waomani mashairi ya kuwaamsha wajiunge na uimamu. Salimi naye alipokea maswali kutoka Unguja. Mojawapo lilihusu Waislamu wa huko wanaowaiga Wazungu kwa mavazi na kuwapeleka watoto wao katika skuli zao. Jibu lake lilikuwa kali, akalifanya kitabu kizima. Kwa kifupi hakuturuhusu sisi! Sijui angesema nini kwa jumuiya nzima ya wanafunzi wa Kiafrika waliotawanyika katika vyuo vya kila nchi. Mimi kwa hilo sikubaliani naye, na bado namheshimu. Yote mawili yanawezekana.

Mwaka 1323 wa Hijria, yaani mwanzoni mwa 1906, alikwenda kuhiji. Safari hiyo ilimkutanisha na wanachuoni wa madhehebu nyingine na kumpatia vitabu ambavyo bara ya Oman havikuwapo. Alikuwa pia akiandikiana barua na Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria, mkubwa wa Waibadhi wa magharibi. Tazama basi: mtu hajawahi kuona ramani tangu utotoni, na barua zake zinakwenda Algeria, Cairo na Unguja.

Siasa nitaipitia haraka, maana vitabu vya historia vimeijaza. Masultani wa Muscat walikuwa chini ya kivuli cha Waingereza, na mwaka 1912 ilifunguliwa ghala maalumu ya silaha Muscat ili kuidhibiti biashara ya bunduki. Makabila ya bara yalikasirika. Salimi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anataka uimamu urudi, aliona wakati umefika. Alikwenda Tanuf, karibu na Nizwa, kwa Sheikh Himyar bin Nasser al-Nabhani, na hapo Mei 1913 akachaguliwa Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi, mwanafunzi wake. Nizwa ikachukuliwa, kisha Izki, kisha majeshi yakateremka Samail. Humo ngomeni alikuwamo Sayyid Nadir, mtoto wa Sultan Faisal, akazingirwa. Kwa nini Samail? Rudi kwenye ile ramani: mwenye Samail ana ufunguo wa njia ya Muscat. Sultan Faisal mwenyewe alifariki Oktoba mwaka huo, akamwacha mwanawe Taimur na nchi iliyogawanyika.

Lakini dola inataka pesa, na hapa tunarudi kwenye wakfu. Katika Oman kulikuwa na mali nyingi zilizowekwa wakfu kwa ajili ya kusoma Kurani makaburini. Mitende na maji, mapato yake yanakwenda kwa wanaokaa kaburini kumsomea marehemu. Salimi aliona kwamba wakfu wa namna hii hauna msingi katika sheria na kwamba mali hizo ziingie Baitulmali. Kumbuka nilivyosema kuhusu hitima. Kwa kipofu wa kijijini kusoma makaburini kulikuwa moja ya riziki chache zilizokuwa wazi. Salimi, kipofu mwenyewe, alitaka kuuvunja mlango huo. Mtu anaweza kumwona mkatili. Mimi naona alikuwa na hoja ya mtu aliyepita njia nyingine: mali iende kwa walio hai na kwa kazi yenye manufaa. Ila sijaona popote kwamba waliokuwa wakila kwa kusoma makaburini waliwekewa riziki badala yake, na hilo linanikera.

Watu wengi hawakuikubali fatwa hiyo. Mmoja wao alikuwa mwalimu wake wa zamani, Sheikh Majid bin Khamis al-Abri wa al-Hamra, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana. Salimi hakutaka kubishana kwa mbali na mtu aliyemfundisha, akaamua kumwendea mwenyewe wazungumze uso kwa uso. Mwanzoni mwa 1914 akafunga safari. Njiani, akiwa juu ya mnyama wake, tawi la mti likamgonga akaanguka. Alichukuliwa mpaka Tanuf, na huko akafariki. Kaburi lake liko Tanuf, kijiji ambacho katika miaka ya 1950 kilivunjwa kwa mabomu ya ndege za Uingereza na magofu yake yapo mpaka leo.

Tawi la mti. Mtu anayeona angeinama.

Nimefikiri sana kuhusu tawi hilo, kwa sababu linaonyesha kitu ambacho wafadhili wa siku hizi hawakipendi. Miaka 20 wanafunzi walimwandalia kila kitu katika kusoma na kuandika. Lakini msaada wa mtu mwenye ulemavu hauishi kwenye meza ya kazi. Kuna njia ya kwenda, kuna ngazi, kuna nani yupo pembeni dakika ile. Nchi zetu zote zimetia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006. Kenya na Uganda ziliuridhia 2008, Oman na Tanzania 2009. Karatasi ni nzuri. Marekani, taasisi yao ya taifa ya sayansi, NSF, iliweka utaratibu wa mtafiti mwenye ulemavu kuomba ndani ya ruzuku yake fedha za vifaa maalumu na za msaidizi. Uingereza wana posho ya serikali kwa wanafunzi wenye ulemavu, lakini, wenzangu, sikilizeni vizuri: mwanafunzi wa kigeni aliyekuja kwa viza ya masomo haipati. Anabaki kukidai chuo chenyewe, ambacho chini ya Sheria ya Usawa ya 2010 kinawajibika kufanya marekebisho yanayofaa. Kwa hiyo ukiwa unaomba nafasi huko, uliza kabla hujapanda ndege, na upate jibu kwa maandishi.

Mwenzetu mmoja asiyeona, ambaye jina lake na chuo chake naviacha, alipata udhamini wa kusoma nje. Walimnunulia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, wakapiga naye picha. Alipoomba msomaji wa saa chache kwa wiki kwa ajili ya majedwali na michoro ambayo programu haiwezi kuisoma, akaambiwa bajeti ina fungu la vifaa, haina fungu la watu. Alimaliza, ndio, kwa sababu wenzake watatu walipokezana kumsomea bure usiku. Yaani al-Qabil bila falaji.

Na hilo ndilo ninalolipenda katika mpango wa Sheikh Salimi, pamoja na doa lake lote. Waliomsomea hawakuwa wanapoteza muda. Kumsomea mwalimu wa namna ile kitabu kizima, kisha kuandika anachokitoa ndani yake, ni kusoma mara tatu. Ukitazama orodha ya waliopita mikononi mwake utashangaa: maimamu wawili, makadhi, magavana. Abu Zaid Abdullah bin Muhammad al-Riyami aliyekuja kuitawala Bahla. Amir bin Khamis al-Maliki, mmoja wa wanachuoni wakubwa baada yake. Mwanawe mwenyewe, Muhammad, aliandika historia ya harakati hiyo katika Nahdat al-Ayan, akaendeleza pale kalamu ya baba ilipoachia.

Na yuko yule wa Samail, Muhammad bin Abdullah al-Khalili. Babu yake, Said bin Khalfan al-Khalili, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Samail aliyeuawa 1871 uimamu wa Azzan ulipoanguka. Mjukuu alianza kusoma hapohapo nyumbani, halafu akaenda Sharqiyah kwa Salimi. Imamu al-Kharusi alipouawa 1920, ndiye aliyechaguliwa kushika nafasi yake. Mwaka huohuo, Septemba, ulitiwa saini mkataba wa Sib baina ya upande wa Sultani na upande wa bara, na njia ya Samail ikafunguka kwa misafara. Abu Muslim alifariki Unguja mwaka huohuo pia. Al-Khalili alikaa katika uimamu mpaka 1954, na husimuliwa kwamba aliuza mali aliyorithi ili kuendeshea Baitulmali.

Maarij al-Amal, kitabu kikubwa kuliko vyote alivyovianza Sheikh Salimi, kilipigwa chapa miaka mingi baada yake katika juzuu nyingi. Hakina mwisho. Kinasimama pale alipokuwa amefika kutamka.